Mpwa Aliyerithi Tezo ya Yongabi

Boma la Bobe Diangha, kwenye mteremko ulio chini ya Laikom, ikulu ya Wakom, lilikuwa na nyumba saba, na moshi ulitoka katika moja tu. Nyumba nyingine zilikuwa za marehemu mke wake Kain, za watoto waliokwisha kuondoka, na za wajane wa mjomba wake ambao walizikwa zamani. Chini kabisa, bondeni penye miwale, kulikuwa na kibanda kilichoezekwa kwa nyasi, na humo ndimo alimochongea. Akina mama waliopita juu na mahindi kichwani walimsikia akigonga, wakasema, "Bobe yupo," yaani Baba yupo. Siku asipogonga walisimama kidogo kusikiliza, kisha wakaendelea na safari yao. Mwenye mzigo kichwani hasimami sana.

Alikuwa na watoto wanne, wote wazima, wote mbali. Hakugombana nao. Kwa Wakom mtoto ni wa nyumba ya mama yake. Baba akifa, anayeingia bomani na kuvaa kofia yake ni mpwa, mwana wa dada. Mtoto wa kiume anayezaliwa hapo huyajua hayo kabla hajaota meno ya pili, naye hujenga kwingine mapema, asije akangoja kuonyeshwa njia. Ngwainmbi, mwanawe wa kwanza, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano Diangha alipompa patasi akamwambia ajaribu. Kijana aliigeuzageuza, akairudisha.

"Bobe, nikijifunza, nimchongee nani? Ndim akija kurithi atanihesabu na mimi pamoja na mbuzi?"

Ndim ndiye mpwa. Alikuwa muuguzi Bamenda, mtu mwema, aliyekuja kila Krismasi na mikate na dawa ya maumivu ya viungo. Hakujua hata upande upi wa tezo ndio unaokata. Ngwainmbi alikwenda Buea akawa fundi wa kujenga nyumba za matofali. Diangha akabaki na miti.

Yeye mwenyewe kazi aliipata kwa mjomba wake, Bobe Yongabi, mchongaji wa viti na nguzo za milango, mzee mkali aliyefundisha kwa kukohoa. Ukikosea, anakohoa, ukipatia, haneni kitu. Aliwafundisha wawili: Diangha, mpwa wake, na Chiatoh, mtoto wake wa kumzaa. Walikuwa rika moja, wamepishana msimu mmoja wa mvua. Diangha alipima mara tatu kwa kamba ya mgomba kabla ya kukata. Chiatoh alitazama, akatema mate viganjani, akakata. Na kazi zilipokwisha, mzee alizichukua zote mbili, akazizungusha juani, kisha akaipeleka ile ya Chiatoh ikulu. Ya Diangha iliwekwa jikoni, ikakaliwa na wanawake wakimenya mahindi.

Mwaka ule Waingereza walipofunga ofisi zao wakaondoka, Yongabi alikufa. Wazee walikusanyika, wakamkalisha Diangha kwenye kiti cha mjomba wake, wakampaka unga mwekundu kifuani, wakamvika kofia. Kuanzia hapo yeye ndiye Yongabi. Wajane wakawa wake zake kwa jina, mbuzi mbuzi wake, na watoto wa marehemu wakawa watoto wake. Chiatoh alikuja mbele yake, akachuchumaa, akapiga makofi kwa heshima, akasema, "Bobe." Watu wakacheka kidogo kumwona baba asiye hata na ndevu, lakini desturi ni desturi.

Kesho yake Chiatoh alimfuata kibandani.

"Nataka kitu kimoja tu," alisema. "Tezo ndogo. Mpini wake nimeuchonga mimi, wa mpera. Nyingine zote baki nazo."

Diangha alikuwa na miaka ishirini na sita. Alijua kwamba kama angeitoa, hakuna mzee ambaye angeuliza. Tezo moja, tena ndogo! Lakini alijua pia kwamba Chiatoh akiwa na tezo, popote atakapokaa, watu wa ikulu watamfuata huko. Na kibanda hiki, na kofia hii, vitakuwa vya mtu anayechonga viti vya kumenyea mahindi.

"Vyombo havigawanywi," alisema.

Chiatoh aligeukia mlango. "Haya, Bobe."

Aliondoka na mama yake, na mkeka, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kwa miaka arobaini na miwili haikupatikana siku wakaketi pamoja. Walionana mazishini na sokoni, kila mmoja upande wake. Chiatoh alikaa Njinikom akawa seremala: milango, vitanda, na majeneza hasa. Diangha akawa mchongaji wa ikulu, maana hakuwapo mwingine. Alijitahidi, na kwa kupimapima kwake akawa fundi mzuri kweli. Lakini kila kazi ilipokwisha aliizungusha juani peke yake, akangoja, na hakuna aliyekohoa.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zinakatika, wajumbe wawili wa mfalme, Foyn, walishuka kutoka Laikom. Kiti kimoja cha ikulu kilikuwa kimeliwa na mchwa miguuni, kile kinachobebwa na chui wanne. Kinatakiwa kingine kabla ya ngoma kubwa ya kiangazi. Diangha alikubali. Angekataaje?

Alikata mringaringa mbichi, akauloweka, akaanza. Hakuwaambia wajumbe kwamba tangu mwaka juzi mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Si sana. Ulitulia akishika kitu kizito, ukaanza tena akishika chepesi. Mwili wa kiti ulimtii. Chui wa kwanza alitoka vizuri, wa pili akatoka, wa tatu akamchukua wiki tatu. Alipofika kwenye uso wa chui wa nne, tezo iliruka yenyewe kama panzi, na sikio la chui likaanguka juu ya mguu wake.

Aliliokota. Akalishika mahali lilipotoka, kana kwamba lingerudi. Kisha akakifunika kiti kwa majani mabichi ya mgomba kisije kikapasuka, akapanda juu nyumbani, akapika ugali wake na mnavu, akala nusu. Siku nne hakushuka bondeni. Alikaa mlangoni akautazama mkono, na mkono ukawa unacheza juu ya goti. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Angemwambia Ndim, angepewa vidonge. Angemwambia Ngwainmbi, angesema, "Pumzika, Bobe." Kulikuwa na mtu mmoja tu nchini mwote ambaye angeelewa maana ya sikio la chui kuanguka.

Siku ya tano alitia mfukoni kokwa mbili za kola, za kutafuna na mwenyeji, akachukua fimbo, akatembea kwenda Njinikom.

Chiatoh alikuwa nje ya karakana yake, kando ya barabara, akipiga randa ubao. Alikuwa amekonda, kichwa cheupe pe. Alimwona Diangha akiwa bado mbali, akaiweka randa chini.

"Jamani!" alipaza sauti, ili jirani mwenye duka na wateja wake wasikie. "Njooni mwone, baba yangu amekuja kunitembelea! Mwangalieni vizuri. Baba ana meno machache kuliko mtoto!"

Watu wakacheka. Diangha akasimama katikati ya kicheko kile, vumbi limempanda mpaka magotini.

"Nimekuja, Chiatoh."

"Umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Mimi nauza majeneza. Au unataka kitanda? Umelala chini miaka yote hii na nyumba saba zile?"

"Nina neno."

Chiatoh alimwangalia tena, akaona jinsi fimbo ilivyokuwa ikigonga mawe pasipo mtu kuigongesha. Akaacha mzaha. "Ingia ndani."

Waliketi baina ya majeneza mawili yaliyosimamishwa ukutani. Diangha akatoa kola, lakini vidole vilikataa kuipasua. Chiatoh aliichukua mkononi mwake, akaipasua, akamrudishia kipande.

"Umeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Unachonga nini?"

"Kiti cha chui wanne. Watatu wamekwisha."

"Na wa nne?"

"Nimemkata sikio."

Chiatoh alicheka mpaka akapaliwa na kola. "Chui wa Foyn hana sikio! Watamtuma kuwinda nini huyo, konokono?" Alijifuta machozi. Kisha akauliza, taratibu, "Mpwa huna?"

"Ninaye. Anadunga watu sindano Bamenda."

"Na mwana?"

"Ninaye."

"Naye ulimwambia vyombo havigawanywi?"

"Sikuhitaji kumwambia. Alijua."

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya mlango. Chiatoh hakumjibu. Alitafuna kola yake mpaka ikaisha, akatema nyuzi.

"Nenda nyumbani," alisema.

Diangha akaenda. Njia ile ni ya kupanda na kushuka, na siku ile ilikuwa ndefu maradufu. Alipofika kilimani ambako Wafulani hulisha ng'ombe wao, alikaa juu ya jiwe muda mrefu, si kwa kuchoka tu. Alitamani angetukanwa. Tusi lingekuwa kitu cha kwenda nacho.

Siku ya tatu yake asubuhi alishuka bondeni kuyabadilisha majani ya mgomba, akamkuta Chiatoh amesimama mlangoni mwa kibanda, mfuko begani, unga wake wa mahindi ndani ya mfuko.

"Kwanza," Chiatoh alisema bila salamu, "nipeleke alipo mzee."

Kaburi la Yongabi lilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, limezungukwa na masale, mmea wa amani. Chiatoh alilimiminia pombe ya mwale, akabaki amechuchumaa. Diangha alisogea pembeni. Alikuwa amelimiminia kaburi lile kila mwaka, kwa cheo chake, na hakuwahi kuchuchumaa muda mrefu hivyo.

"Nimekuandalia nyumba ya juu," alisema baadaye. "Ile aliyolala mzee."

"Sitalala humo. Nilitoka mara moja, inatosha. Nitalala bondeni."

Basi Chiatoh akalala kibandani, juu ya mabapa ya mringaringa, siku kumi na moja. Alipika mwenyewe. Alipopewa vyombo alivitazama kimoja kimoja, akaifikia tezo ndogo, akaipima kwa mkono.

"Mpini si wangu."

"Ulivunjika. Mwaka wa pili tu."

"Na huu?"

"Huu ni wa tatu."

"Ulikuwa unaigonga kwa hasira," Chiatoh akasema, akaanza kazi.

Siku ya kwanza aliharibu. Mikono yake ilikuwa imezoea majeneza, na jeneza halina uso. Alichonga kichwa kwenye kipande cha ovyo, kikatoka kama mbwa. Akachonga kingine, kikatoka kama mbuzi mgonjwa. Diangha alikaa kando, na bila kukusudia akakohoa. Chiatoh aligeuka taratibu. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja, wazee wawili, kicheko kilichowaumiza mbavu.

Siku ya nne mikono ilikumbuka. Chiatoh alikizunguka kiti, akamtazama chui mwenye kidonda kichwani, akatema mate viganjani.

"Huyu hatumpi sikio jipya," alisema. "Chui akikasirika, masikio huyalaza nyuma. Tunalilaza na la pili. Watatu wamelala, mmoja lazima awe macho."

Akakata. Diangha alimshikia mti, akamnolea patasi, akampa maji. Alikuwa amechonga kwa mikono miwili maisha yake yote, na sasa ndani ya kibanda ilikuwamo minne, na hakuwa amejua jinsi kazi inavyokuwa nyepesi mtu mwingine anapopumua karibu nawe. Hawakuzungumza mengi. Waliulizana habari za watu waliokufa. Mara moja Chiatoh alisema, akiwa ameinama, "Mama yangu alikufa akiiulizia ile nyumba yake yenye mlango wa bluu." Diangha alisema, "Ilianguka." Wakaendelea.

Uso ulipotoka, Diangha alijua. Wale watatu walikuwa chui wazuri, wamepimwa. Huyu wa nne alikuwa anakutazama, na ukihama anakufuata.

Wakakitia kiti moshi, wakakipaka masizi na mawese mpaka kikameta. Wajumbe walikuja siku ya kumi na moja asubuhi. Chiatoh alishuka kijitoni kunawa, hakutaka kuonekana. Mjumbe mkubwa, mzee mwenye jicho moja jeupe, alikizunguka kiti, akampitishia chui wa nne kidole gumba puani.

"Bobe, huyu ulimchonga siku gani?"

Diangha angeweza kusema, siku nyingine. Lakini alisema, "Huyo si wa mkono wangu. Amemchonga Chiatoh, mtoto wa Yongabi. Alikuwa fundi kuliko mimi tangu zamani. Mkaseme hivyo huko juu."

Mzee alimtazama kwa upole, akacheka. "Mtoto wa Yongabi? Si wewe ndiye Yongabi? Kazi ya mtoto ni ya baba, Bobe. Umefanya vizuri."

Wakakifunga kiti kwa blanketi, wakakipandisha mlimani.

Chiatoh alirudi na maji yakimchuruzika mikononi. Alikuwa amewasikia wakicheka.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Diangha akamwambia. Chiatoh alisimama akitazama kilima, wale watu wakionekana wadogo juu yake, na blanketi jekundu katikati yao.

"Si wameshasema," alisema. "Haya."

Diangha alimletea tezo ndogo, ameifunga kwa kitambaa. Chiatoh hakunyoosha mkono. "Nitaifanyia nini? Maiti wangu hawaulizi chui." Lakini alipopita nyuma ya nyumba kubwa alikata shina moja la masale kaburini kwa baba yake, akalitia mfukoni, akaondoka mchana uleule. Ugali uliobaki aliuacha jiweni, umefunikwa.

Diangha alifikiri atarudi. Kiangazi kikapita, mahindi yakapandwa, yakavunwa. Aliwaza kwenda Njinikom, akangoja apate sababu, na sababu haikuja. Baada ya mvua ya pili ikaja habari: Chiatoh ameanguka karakanani, hakuamka.

Alikwenda. Kulikuwa na watu wengi, bunduki zikipigwa, wanawake wamenyoa. Ndugu wa upande wa mama wa marehemu walikaa mahali pao, wakwe pao, wenzake wa kanisa pao. Diangha alisimama kando ya ukuta akatafuta mahali pa kukaa. Hapo mzee mmoja akaita, "Upande wa baba! Baba wa marehemu yuko wapi? Hatuwezi kufukia."

Akakumbuka kwamba ni yeye.

Alitoka mbele, na fimbo yake, rika moja na maiti. Vijana wengine waliziba midomo wakicheka. Wakampa udongo mkononi. Baba hutakiwa kumwambia mtoto maneno ya kumfungulia njia. Maneno yenyewe Diangha aliyajua, alikuwa ameyasikia mara mia. Mkono ulikuwa ukitetemeka hata udongo ukadondoka kabla ya kurushwa.

"Chiatoh," alisema. "Sikukupa."

Watu walingoja aendelee. Mzee akadakia maneno yaliyobaki, wakafukia.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, aliona mrithi akihesabiwa vyombo vya karakana: kijana wa miaka thelathini hivi, mpwa wa Chiatoh, kofia imemzidi kichwa. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Diangha alimsogelea mrithi, akamvuta kando.

"Mwanangu, mwachie huyu msumeno mmoja. Hakuna atakayeuliza."

Kijana alimjibu kwa adabu, macho chini. "Bobe, wewe ungefanya hivyo?"

"Mimi sikufanya," Diangha alisema. "Ndiyo maana nakwambia."

Diangha hakungoja jibu, akashika njia. Baadaye alisikia kwamba mtoto yule amefungua karakana Belo. Wengine walisema msumeno alipewa, wengine walisema aliuiba usiku. Hakuuliza.

Alichofanya ni kumwita Ndim, naye akaja kabla ya Krismasi, na mbele ya wazee wawili Diangha akamweleza kwamba anataka Ngwainmbi apewe vyombo. Ndim alisikiliza, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mjomba, mpe vyote. Mimi sindano zinanitosha." Basi vyombo vikatiwa kwenye gunia, vikapakiwa juu ya gari la abiria kwenda Buea. Diangha alikaa siku nyingi bila kujua kama vimefika. Kisha mama wa jirani, Nawain Mbong, akaja mbio na simu, ameishika mbele kama yai.

"Bobe," ilisema sauti ya Ngwainmbi, mbali, na kelele za magari. "Gunia limefika."

"Ee."

"Nimeliweka chini ya kitanda. Kazi ni nyingi, sijafungua vizuri. Ila mwanangu mdogo alipekua, akajikata na ile tezo ndogo."

"Amejikata sana?"

"Hapana, kidogo. Kidole."

"Kipi?"

Lakini simu ilikuwa imekatika. Diangha aliishikilia sikioni muda kidogo zaidi, kisha akamrudishia mwenyewe, akamshukuru. Nawain Mbong akamuuliza kama amekula. Alisema amekula. Yule mama akaenda zake, na yeye akaingia ndani kuwasha moto.